Dizeli Katika Gari la Sista

Mji mzima wa Koboko unasema Sista alitia dizeli kwenye gari la petroli kwa sababu ya uzee. Wanalisema sokoni, wanalisema msibani, na juzi nimelisikia kwa mtu aliyetoka Adumi kuuza mihogo, mtu ambaye hata sura ya Sista haijui. Si kweli. Dizeli ile ilikuwa kazi yangu mimi. Nilinyamaza miezi minne, na kwa kunyamaza kwangu mwanamke mzima akanyang'anywa ufunguo wa gari lake kama mtoto aliyekutwa na kiberiti. Kwa hiyo nikimweleza hapa, msije mkadhani nampaka mafuta. Nina sababu yangu.

Sista si jina lake. Huku kwetu kila mkunga huitwa Sista, na huyu alifanya kazi hiyo hata alipostaafu hakuna aliyekumbuka kumwita kitu kingine. Alizaliwa wapi, ukoo gani, baba yake nani, waulizeni Wakakwa wenzake. Mimi ni Mnubi, nakaa upande wa pili wa ua wake, na ninayoyajua ni yale yanayoonekana na kusikika juu ya ua. Kiswahili changu nilikiokota Mombasa nilikoolewa miaka kumi na mmoja. Mdomo nilizaliwa nao.

Kwanza kabisa, Sista hasalimii. Ukimbishia hodi, kabla hujavuta pumzi ameshauliza, "Maji imetoka? Inakuja kila dakika ngapi?" Siku moja mzee mmoja wa msikitini kwetu alikwenda kumwomba gari la kubebea vyombo vya harusi. Maskini alikuwa amekimbia, anahema, mkono kiunoni. Sista akamwangalia toka kichwani hadi miguuni, akamwuliza, "Inakuja kila dakika ngapi?" Yule mzee alirudi bila gari na bila maneno, na sisi wanawake tulicheka mpaka tukaegemea ukuta.

Halafu ana huu ugonjwa wa kuku. Mwanamke aliyepokea watoto nusu ya mji huu, aliyezoea damu kuliko mimi nilivyozoea chumvi, hawezi kuchinja kuku. Hawezi hata kutazama. Kila sikukuu yake ya Krismasi ananipitishia kuku juu ya ua, ameshikwa miguu, yeye mwenyewe kageuza uso, anasema, "Mama Zaituni, chukua hii kitu haraka." Nampelekea mume wangu anachinja, namnyonyoa, namrudishia akiwa kwenye sufuria. Nikimtania kwamba mkunga gani huyo, ananijibu kwamba yeye kazi yake ni kutoa, si kuondoa.

Wanawake wote wa mtaa ule alituhubiria kupanga uzazi. Alikuja na vidonge vyake, na picha zake, na ukali wake. Yeye mwenyewe alizaa wanane. Nilipomwambia hivyo usoni, hakukasirika. Alisema, "Ndiyo maana mi nasema. Unafikiri nani anajua moto, mutu iko karibu ama mutu iko mbali?"

Kwenye gari alivua viatu. Siku zote. Vilikaa kando ya kiti, vimeelekea mlangoni, na yeye akabonyeza pedali kwa nyayo zake zilizopasuka. "Mguu iko na akili," alisema. "Kiatu haina." Na hakupenda haraka. Wote waliokuwa ndani ya gari wanapiga kelele, mgonjwa anapiga kelele, mama mkwe ndiye anapiga kelele kuliko mgonjwa, na Sista anaendesha kama mtu anayepeleka mayai sokoni. Alichukia kusikia pole. Ukisema pole karibu naye wakati wa uchungu atakutoa nje ya gari, kwa kuwa, anasema, pole haifungui njia ya mtoto.

Gari lenyewe, nalizungumzia lile la kwanza, lilikuwa la marehemu mume wake. Gari la dizeli, la familia, refu, lenye viti vya nyuma vinavyokunjwa. Sisi tuliliita Kikohozi. Liliwabeba maharusi wa ukoo ule wote, lilibeba mihogo, lilibeba majeneza, na jeneza la mwenyewe likiwemo. Mlango wa nyuma ulifungwa kwa mpira wa tyubu. Kuliwasha asubuhi ilikuwa kazi ya mtaa mzima, maana bila kusukumwa haliamki. Ukisikia kikohozi kile cha kwanza, koh, koh, unaacha sufuria motoni unakimbia kwenda kusukuma. Mimi nilisukuma nikiwa na mimba, nilisukuma nimevaa nguo za Idi. Mama yangu mzazi alipelekwa kaburini ndani yake. Binti yangu Zaituni alipelekwa hospitali ya Arua mara mbili kuzaa kwa kupasuliwa, na mara zote mbili Kikohozi kilimfikisha.

Kulikuwa na desturi yetu juu ya gari lile, na lazima niieleze vizuri kwa sababu ndiyo iliyotuponza. Ukiliona gari la Sista limesimama kwenye lango la mtu na milango yote wazi, ujue ndani kuna uchungu. Hapo hakuna anayeuliza. Mmoja anafuta kioo. Mwingine anatia jerikeni ya maji kwenye buti la gari. Mwingine anatupia kuni za kupikia hospitalini, au sabuni, au kanga kuukuu. Na mzee wa mafuta, yule anayeuza kwa jerikeni kwenye kona ya barabara ya kwenda mpakani, anavuka na lita zake tano za dizeli na chupa yake ya plastiki iliyokatwa kitako, anamimina, anaondoka. Sista akitoka na mgonjwa anakuta kila kitu tayari, anavua viatu anaondoka. Miaka yote ilikuwa hivyo. Hakuna aliyetuagiza.

Halafu Kikohozi kikafa njiani. Kilikufa karibu na Maracha, kwenye njia ya Arua, mchana kweupe, na mwanamke wa watu ndani, na walikaa pale wakisukuma na kusukuma mpaka lori likawahurumia. Yule mwanamke alipona. Ila Sista aliporudi alikuwa mtu mwingine. Siku ya tatu aliwapigia simu watoto wake Kampala, na baada ya muda wakamletea hili la pili: haibridi ya kuchomeka. Lina injini ya petroli kama magari mengine, na chini lina betri kubwa ambayo unaichomeka ukutani kama pasi, ikijaa linakwenda kwa umeme mtupu, betri ikiisha injini inawaka yenyewe. Limetumika, lina mkwaruzo ubavuni, lakini jeupe na lina baridi ndani.

Ukoo ulikaa kikao. Shemeji yake, mdogo wa marehemu, alikuja kutoka Kuluba na fimbo yake na suti yake, akasema gari lililombeba kaka yake haliwezi kutupwa kama ndoo iliyotoboka. Aliongea sana. Alipomaliza, Sista akamwambia, "Basi chukua." Akampa ufunguo hapo hapo. Shemeji hakutegemea. Alikuwa amejiandaa kwa ugomvi wa siku nzima, na sasa amekaa na ufunguo mkononi. Kikohozi kikavutwa kwenda Kuluba kubeba mihogo.

Sasa acha niseme ukweli wangu. Niliumia. Nilikasirika kana kwamba mimi ndiye mjane. Nilimwambia juu ya ua, "Umemtoa mama yangu nje." Kwa sababu yeye ndani ya lile gari aliona bodi iliyooza, na mimi niliona mama yangu, na Zaituni wangu, na mikono yangu mwenyewe ikisukuma. Hili jipya halisukumwi. Linatoka kimya kimya asubuhi, wala halimhitaji mtu. Sista alinijibu, "Mi nililia bwana yangu mara moja. Siwezi kulia tena na chuma." Nikamgeuzia mgongo. Nikanuna wiki tatu, na mimi nikinuna nanuna kweli.

Ndani ya hizo wiki tatu Sista aliita mtaa wote uwanjani kwake. Aliwaonyesha pa kuchomeka. Aliwaonyesha nyaya za kutoguswa. Aliwaambia mara mbili, mara tatu, hili linakunywa petroli, petroli peke yake, na aliwapanga nani atafanya nini likisimama langoni. Nasikia alitumia kijiti kama mwalimu. Mimi alinitumia mtu kuniita. Nikasema siwezi, nina mboga motoni. Wallahi siku ile jikoni kwangu hapakuwa na moto. Mzee wa mafuta naye alikuwa amekwenda Vurra kutafuta mzigo. Wawili tu mtaa mzima hatukusikia, mimi na yeye.

Zaituni alikuwa na mimba ya tatu. Daktari wake wa Arua alikwisha kumwambia kwamba kwa makovu yale mawili asithubutu kusubiri uchungu, aende mapema, apasuliwe kule ambako damu ya aina yake imewekwa tayari. Tulipanga kwenda Jumapili. Uchungu ukaja Alhamisi, saa tano asubuhi, akiwa kwangu anapepeta mchele. Alisimama, akashika ukuta, akasema, "Mama, inachanika." Kanga yake ilikuwa na damu.

Ugomvi wangu na Sista ulikufa dakika ile. Nilipiga kelele juu ya ua, naye hata hakuuliza dakika ngapi. Alilileta gari langoni kwangu, akafungua milango yote, akaingia ndani kwa Zaituni. Na mtaa ukafanya kama ulivyozoea. Maji yakaja. Kuni zikaja. Na mzee wa mafuta akavuka barabara na jerikeni yake, akazunguka gari akitafuta pa kumimina, wale waliofundishwa na Sista wakiwa bado mbioni kuleta vitu.

"Hii inafungua wapi?" akaniuliza.

Kifuniko cha mafuta hufunguliwa kwa kitufe kilicho ndani, karibu na goti la dereva. Nilikitafuta mimi. Nilikibonyeza mimi.

"Ni ile ile ya siku zote?"

"Ile ile! Tia haraka, mtoto wangu anakufa!"

Akatia. Lita tano. Akafunga, akaondoka. Sista akatoka amemkumbatia Zaituni, tukamlaza nyuma kichwa chake mapajani pangu, na Sista akavua viatu.

Hatujamaliza nyumba za mji, Sista akaanza kunusa. Alinusa mara ya kwanza, akatazama kioo cha juu. Alinusa mara ya pili, akasimamisha gari pembeni. Alishuka peku, akafungua kifuniko, akapitisha kidole, akakisugua kwa kidole gumba. Nilimwona kupitia dirishani. Petroli hukauka kidoleni. Hii haikukauka. Mimi ndipo nilipoelewa.

Alirudi, akakaa, akatazama tena kioo cha juu, akafunga mkanda. Hakuuliza nani. Alisema kitu kimoja tu.

"Injini isiwake."

"Vipi?"

"Hii inakwenda na stima. Stima haigusi ile kitu. Lakini mi nikikanyaga sana, injini inawaka yenyewe. Betri ikiisha, inawaka yenyewe. Ikiwaka inakunywa dizeli, na gari yote inakataa. Unasikia? Piga simu kwa daktari wa Zaituni. Waambie walete gari ikute sisi Manibe."

Hiyo stima, yaani umeme, ilikuwa imekatika tangu jana yake, kwa hiyo betri haikujaa. Kwenye kioo kidogo mbele ya usukani paliandikwa thelathini na nane. Hizo ndizo kilomita zilizobaki. Kutoka pale tulipokuwa mpaka Manibe, kabla tu ya Arua, ni zaidi ya arobaini. Nilipiga simu, kisha nikasema turudi tutafute teksi. Akasema teksi itangoja ijae, na mwanangu hangoji. Tukikutana na gari tupu njiani tutahama. Hatukukutana na gari tupu.

Alizima baridi, alizima redio, alizima kila kitu chenye taa. Joto lile la saa sita likaingia. Alishuka akatoa kwenye buti jerikeni ya maji ya lita ishirini, akatoa kuni, akatoa gunia la mkaa, akaviacha vyote kando ya barabara. Mtaa wangu ulikuwa umetubebesha mapenzi yake yote, na sasa yanatupwa kwenye nyasi. Nikamwambia, "Nishushe na mimi. Mimi mzito." Nilimaanisha. Nilitaka kushuka, nilitaka kukaa kwenye lile gunia la mkaa nife hapo.

"Kaa," akasema. "Nani anashika mtoto?"

Akaendesha. Jamani, sijui nitawaelezaje mwendo ule. Malori yalitupita yakipiga honi. Bodaboda yenye mbuzi ilitupita. Kwenye mlima alipanda taratibu, unyayo wake juu ya pedali, hakanyagi, anagusa tu. Kwenye mteremko aliinua mguu kabisa, kwa sababu gari lile likiteremka bila kukanyagwa linajirudishia umeme kidogo, na mimi macho yangu yako kwenye kile kioo, ishirini na sita, ishirini na tano, ishirini na sita, nasema alhamdulillahi kwa ajili ya kilomita moja. Zaituni alikuwa ameacha kulia. Hilo ndilo lilinitisha kuliko vyote. Nikaanza kuomba kwa sauti.

"Omba kimya," Sista akasema. "Zaituni! Zaituni, sema na mi. Jana umepika nini?"

"Maharage," akasema mwanangu, polepole.

"Na nini?"

"Na kisra," akasema, ile mikate yetu myembamba.

"Kisra ngapi? Hesabu."

Akahesabu. Kila aliponyamaza Sista alimfokea aanze upya. Baada ya Maracha kuna mlima mmoja mrefu, si mkali, mrefu tu, na hapo tuliuanza na tisa tukaumaliza na nne. Sista jasho lilimtoka mpaka gauni likamganda mgongoni. Mara moja taa ya manjano iliwaka mbele yake, na akasema kwa Kikakwa neno ambalo sijawahi kulisikia mdomoni mwake. Aliinua mguu, taa ikazimika.

Tulifika Manibe na moja. Gari la Arua lilikuwa limeshasimama pale, mlango wa nyuma wazi. Walimhamisha Zaituni, nikapanda naye, na nilipogeuka nilimwona Sista bado ameshika usukani kwa mikono miwili, amekaa, hajavaa viatu. Zaituni alipasuliwa. Kizazi kilikuwa kimeanza kupasuka. Alitiwa damu, akaishi. Mtoto wa kiume, akaishi.

Gari lilivutwa hadi kwa fundi Arua, tangi likamwagwa na kusafishwa, likarudi zima. Hakuna kilichoharibika. Ningeweza kusema siku yoyote. Nilijiambia nitasema Zaituni akitoka hospitali. Kisha nikasema acha apate nguvu. Kisha ikafika arobaini ya mtoto.

Siku hiyo palipikwa wali na mbuzi, uwanja umejaa. Mkwe wangu, mume wa Zaituni, alisimama akawashukuru watu, akanishukuru mimi mbele yao wote kwa kumshika mkewe njia nzima. Kisha akasema, na macho yake yalikuwa mekundu, kwamba kuna mtu alitia dizeli, na mtu huyo ajue mkewe angekufa kwa mkono wake, na kama angemjua asingekanyaga tena nyumbani kwake. Shemeji wa Sista, aliyealikwa kwa heshima, akamgeukia mzee wa mafuta. "Nani alikuambia utie?"

Mzee wa mafuta akaniangalia. Ananiogopa huyu, anaujua mdomo wangu. "Niliambiwa," akasema.

"Na nani?"

Akaangalia chini. Mimi nikaangalia sahani yangu. Nilikuwa na mjukuu mapajani, na nilifikiri, nikisema sasa, mtoto huyu nitamwona lini tena? Ndipo Sista, akiwa na mfupa wa mbuzi mkononi, akasema bila kuinua kichwa, "Gari ni yangu. Kitu inaingia ndani yake, ni yangu."

Basi. Watu wakatazamana. Wengine wakasema kumbe ni yeye aliyeagiza itiwe, masikini, uzee. Shemeji akatikisa kichwa kama mtu aliyengoja miaka mingi kusikia hilo, na kabla ya wiki kwisha alikuwa amezungumza na watoto wa Kampala na ufunguo uko mfukoni mwa suti yake. Gari likafunikwa turubai. Sista hakugombana. Alikaa kibarazani kwake akichambua dengu, na wanawake wenye uchungu wakaanza kupita mbele ya lango lake wakiwa juu ya bodaboda, mmoja mbele dereva, mmoja nyuma anayemshikilia mgonjwa asianguke. Niliwaona wote. Kila aliyepita nilimwona.

Mwezi wa nne tangu safari ile, mke wa mshona viatu, nyumba ya sita kutoka kwangu, alizalia njiani. Bodaboda ilitoboka tairi kabla ya Maracha. Alizaa kwenye nyasi, na mtoto hakulia.

Kesho yake asubuhi nilikwenda kwa Sista. Sikupiga kelele juu ya ua, nilizunguka nikapita langoni kama mgeni. Alikuwa amekaa, sinia la dengu mapajani, na alikuwa amekonda. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alinisalimia.

"Karibu, Mama Zaituni. Umeamka?"

Salamu ile ilinichoma kuliko tusi. Nilikaa chini kwenye udongo, nikasema yote. Kitufe, mzee wa mafuta, ile ile tia haraka, mboga isiyokuwa motoni. Nilipomaliza alikuwa bado anachambua.

"Mi najua," akasema.

"Unajua tangu lini?"

"Mi nashuka, narudi, naangalia kioo, naona uso yako. Ungejiona."

"Mbona hukusema? Kule njiani, mbona hukusema?"

"Ningesema, ungelia. Ungelia, nani anashika mtoto?"

"Na siku ya arobaini?"

Aliweka sinia chini. "Siku ile nilingoja wewe. Nasema ile maneno yangu ili upate nafasi, useme, hapana, si yeye. Ulikula wali. Basi ningekutaja ungekataa, na mi ningepoteza gari na jirani. Nikaona heri gari." Akalirudisha sinia mapajani. "Lakini mtoto wa mshona viatu hakuwa kwa hesabu yangu. Hiyo nilikosea. Mi na wewe tulikosea."

Nililia. Aliniacha nilie, hakusema pole. Kisha akaniambia shemeji anakuja kesho na mtu wa kununua gari.

Kesho yake nilikwenda, na mkwe wangu nilikuwa nimemwita mwenyewe. Mnunuzi alikuwa ameshainua turubai, anapigapiga magurudumu kwa mguu. Nikasimama mbele ya shemeji, nikasema kwa Kiswahili, nikarudia kwa Kinubi, asije mtu akasema hakusikia. Nani alibonyeza. Nani alisema tia. Nani alinyamaza. Shemeji akamtazama Sista, akanitazama mimi. Mkwe wangu hakupaza sauti. Alinitazama muda mrefu, akawasha pikipiki yake, akaondoka. Mpaka leo ninapoandika, Zaituni huja kwangu peke yake, na mjukuu huachwa nyumbani kwa baba yake.

Sista alinyoosha mkono kwa shemeji yake, kiganja juu. Shemeji alijipapasa mfuko huu na ule, na mwisho akautoa ufunguo. Yule mnunuzi akajiondokea bila kuaga.

Nilidhani Sista ataniambia asante, au ataniambia nitoke kwake. Nilikuwa tayari kwa lolote katika hayo mawili. Yeye alipangusa ufunguo kwenye gauni, akaniuliza, "Nani iko na mimba kubwa kwa mtaa sasa?"

Nikawataja. Walikuwa watatu.

"Nenda uambie wao wasipande boda. Gari iko."

"Nitawaambia."

"Na uambie wao kwa nini gari haikuwako."

Nilijifunga kanga vizuri, nikatoka langoni kwake, nikaacha nyumba zile tatu kwa baadaye. Nilianza na ya mshona viatu.